Andika Vile Mimi Nasema

Wanangu, kwanza nawaomba radhi kwa mwandiko. Mkono huu umewaandikia watu barua kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu, na sasa unatetemeka hata nikiandika jina langu. Vijana wa hapa Mpumudde, Jinja, hunijia na fomu za shule niwasaidie kuzijaza, kisha wananitazama kwa huruma na kuichukua kalamu wenyewe. Juzi mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama ni kweli zamani mtu mzima alikuwa anakwenda kwa mtu asiyemjua ili amwandikie mke wake. Nilimwambia ni kweli, na kwamba mtu huyo asiyejulikana nilikuwa mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mnaoandika kwa kidole gumba huku mnatembea.

Nianze na kaboni, maana hamjaiona. Ni karatasi nyeusi, nyepesi, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Unaiweka kati ya karatasi mbili, unakandamiza kalamu, na unachoandika juu kinatokea na chini. Ukiiweka kinyume, maneno yanajichapa mgongoni mwa barua yenyewe, yamegeuka nyuma mbele, na mteja asiyejua kusoma anaanza kukutazama kama mchawi. Siku yangu ya kwanza kazini niliiweka kinyume. Mteja alikuwa sajenti mwenye kifua kipana, na aliondoka mbio akaacha kofia yake mezani.

Kaboni ilikuwa ya baba. Sisi ni Wanubi, babu zetu walikuja huku na jeshi kutoka Sudani, na baba naye alitumikia jeshi, ila kwa kalamu. Alikuwa karani wa kikosi mpaka alipostaafu, akaweka meza kwenye baraza la duka karibu na kambi ya Jinja, akawa anawaandikia askari barua. Walimwita Afande Karani. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, mimi Zuhura, bintiye, nikawa nakaa kando yake na kumsomea. Halafu nikakaa mahali pake, yeye akahamia kiti cha kando. Kazi ya kuandika akaniachia, lakini kazi ya kunikosoa hakumwachia mtu.

Alikuwa na desturi mbili alizozitoa jeshini. Ya kwanza, kila barua iwe na namba juu, upande wa kulia, na nakala yake ibaki. Nilimuuliza faida ya kutunza nakala ya mtu anayemwomba mamake ndizi. Alisema barua ikishatoka mkononi mwetu inakuwa mali ya barabara, na barabara za nchi hii yeye anazijua. Ya pili, andika kilichosemwa, si kile ambacho wewe ungependa kisemwe. Hapo alinihadithia habari ya askari wa doria aliyerudi kambini akisema ameona watu wengi ng'ambo ya mto. Karani kijana, akitaka kumpendeza mkubwa wake, akaandika "jeshi kubwa la adui". Kikosi kizima kililala matopeni siku mbili kikilingojea jeshi hilo, kumbe ilikuwa harusi. Karani yule, baba alikiri baada ya kuzungukazunguka sana, alikuwa yeye mwenyewe.

Desturi ya kwanza niliishika. Ya pili niliidharau, na hilo ndilo kosa ninalotaka kuwaeleza.

Nilikuwa na daftari la maneno matamu. Niliyaokota kwa watu wa pwani waliopita Jinja, mengine redioni, mengine niliyabuni nikiosha vyombo. Askari anakaa mbele yangu anasema, "Mwambie mimi niko. Huku mvua nyingi. Ile mbuzi amezaa?" Mimi naandika: Ewe waridi la moyo wangu, tangu tuachane usingizi umenihama na chakula kimekuwa shubiri. Nikimsomea, anafuta jasho. "Eh," anasema, "ni mimi nasema hivyo?" Namjibu, ndiyo afande, ni wewe. Wanaume walitoka barazani kwangu wakitembea kwa maringo, nami nilijiona fundi.

Kisha siku moja wakaja wanawake wawili majirani wa hapahapa Mpumudde, kila mmoja na barua ya mumewe. Waume zao walikuwa wamepelekwa vituo tofauti, na kabla ya kuondoka kila mmoja alikuwa amenipitia kuacha salamu za kumtuliza mkewe. Wanawake wale walizitandaza mezani pangu zikiwa sambamba. Waridi lilikuwa kwenye zote mbili, shubiri kwenye zote mbili, mstari kwa mstari. Waliniuliza, bila kupaza sauti, ni yupi kati ya waume zao aliyesema maneno hayo, ili yule mwingine aache kujisumbua kuyajibu. Walipoondoka, baba alisema kutoka kiti chake cha kando kwamba nimewaibia wale wanawake waume zao. Nilinuna siku nzima. Nilidhani mzee ananionea wivu.

Koplo Gidudu alikuwa Mgisu wa Wanale, mlima ulio juu ya mji wa Mbale. Alikuwa mfupi, mkimya, na kikohozi chake kilijulikana kambi nzima. Mkewe Nandudu na binti zao wawili walikuwa nyumbani wakitunza kahawa. Nilikuwa nimeshamwandikia barua tatu, zote za waridi na shubiri. Safari ya nne alikuja na jibu mkononi. Nandudu alikuwa amemwomba katekista amwandikie, mistari michache tu: barua zako ni nzuri lakini sijui anayezisema ni nani, na kama wewe bado uko, basi sema kitu. Gidudu aliniwekea karatasi hiyo mezani polepole.

"Dada," alisema, "leo hapana weka sukari. Andika vile mimi nasema. Kama nakohoa, andika nakohoa."

Niliudhika sana, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye kiburi, nikamkomoa. Alichosema ovyo nilikiandika ovyo. Alichorudia nilikirudia. Alipokohoa niliandika "anakohoa", nikimngojea akasirike nitakapomsomea. Hakukasirika hata kidogo, aliitikia kwa kichwa akiridhika.

Karibu na mwisho alinisimamisha. Alisema sasa anataka kusema na mdogo wake, Mugide, na maneno ya Mugide hayawezi kusemwa kwa Kiswahili, atayasema kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu. Nilimwambia sijui Kimasaba. "Wewe unajua kusikia," alisema. "Andika vile inasikika." Basi anatamka, naandika, namsomea, anakataa, anatamka tena. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina Mugide. Askari waliokuwa foleni, watu wa kaskazini, nao hawakuelewa, wakaanza kunung'unika. Sehemu ile fupi ilichukua muda kuliko barua yote. Nilipoisoma sawasawa, Gidudu alicheka peke yake, na ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Alilamba bahasha, akasema atampa dereva wa lori linalokwenda Mbale, akaenda zake.

Haukupita muda, vita vikafika. Serikali ya wanajeshi ikaanguka, askari wake wakakimbilia kaskazini, Gidudu akiwa miongoni mwao. Sisi Wanubi tulihesabiwa kuwa watu wa serikali ile, hata tuliokuwa hatujashika silaha maishani, na watu wakaanza kututafuta kwa mapanga. Baba aliamua twende Mbale kwa shangazi. Mama alikuwa ameshafunga sufuria zake zote. Baba akasema linalokwenda ni sanduku la bati lenye nakala, sufuria zibaki, maana sufuria ni zetu lakini maneno yale ni ya watu. Mama hakumsemesha mpaka Iganga. Kutoka Iganga hadi Tororo alimsemesha bila kupumzika.

Kwenye kizuizi kimoja askari waliotoka Tanzania walilifungua sanduku wakitafuta mali. Mmoja alichomoa nakala akaanza kuisoma kwa sauti ili wenzake wacheke. Ilikuwa ya kijana anayemuuliza mamake kama mguu umepona, na kama bado anakwenda mwenyewe kuteka maji. Yule askari hakuifikisha mwisho. Aliikunja kwa mikunjo yake ileile, akairudisha, akafunga kifuniko na kutupisha. Nilikaa juu ya sanduku lile safari iliyobaki nikiliogopa kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia kitu kilicho hai.

Mbale nilikaa miaka. Mwanzoni sikuthubutu kuandika Kiswahili, kwa sababu watu waliposikia Kiswahili, lugha ya askari, walikumbuka kupigwa na kuporwa. Niliandika Kiingereza changu cha shule, na Luganda kwa wafanyabiashara. Nilipata meza pembeni mwa soko, na kazi ilikuwa moja tu: watu kutafuta watu. Daftari la maneno matamu sikulifungua tena, maana hakuna mama anayemtafuta mwanawe kwa waridi. Hapo nilijifunza jambo la kazi ambalo nawapa bure. Usimuulize mtu, "Nikuandikie nini?" Atababaika na kukupa salamu za kuazima. Muulize, "Akiingia hapa sasa hivi, utamwambia nini kwanza?" Atakuambia, "Nitamwambia amekonda." Andika hilo.

Nandudu alinifikia kwa njia ambayo mpaka leo inanistaajabisha. Jirani yake alikuwa amepata barua niliyoiandika mimi pale sokoni, na Nandudu aliiona ikiwa wazi juu ya meza. Hakujua kusoma. Lakini zile barua zake tatu alikuwa amezitoa na kuzitazama mara nyingi kiasi kwamba aliujua mkono wangu kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Alimuuliza jirani nani kaandika, akashuka mlima, akasimama mbele ya meza yangu na barua tatu zilizoanza kuchanika kwenye mikunjo.

Alinieleza yaliyomleta. Gidudu hakurudi, na hakuna aliyejua alipoangukia. Mugide, shemeji yake, alikuwa anadai kwamba kaka yake katika likizo ya mwisho alimpa kwa mdomo, bila hati, shamba la kahawa la upande wa mto. Nandudu hakuzaa mtoto wa kiume, na ukoo ulikuwa umeshakaa kikao kimoja. Alipeleka barua zake aonyeshe kuwa mumewe alikuwa anamjali, zikasomwa, na watu wakacheka. Walisema Gidudu hajui waridi ni nini, huyu ni karani tu. Kikao cha pili kilikuwa Jumamosi, na wakimshinda itabidi aondoke na binti zake kabla ya mavuno.

Barua tatu zilitoka kwa mumewe, na mimi nilikuwa nimemfuta mumewe katika zote tatu, kwa mikono yangu, nikijisifu.

Nilimpeleka nyumbani. Baba wakati huo alikuwa haoni kabisa. Aliniambia nimsomee namba zilizo juu ya barua, kisha akapiga magoti mbele ya sanduku na kupapasa mafungu ya nakala kwa vidole, kila mteja na lake, akatoa moja bila kukosea. Tulitafuta nakala za zile tatu, tukitumaini tu kuonyesha kwamba hazikutungwa juzi. Chini ya nakala ya tatu kulikuwa na ya nne, ile ya kikohozi, ambayo vita vilikuwa vimenisahaulisha. Nandudu alisema hapana, barua zake zilikuwa tatu. Lori la dereva yule halikufika Mbale, au lilifika bila barua, Mungu anajua. Nilianza kumsomea. Nilipofika pale palipoandikwa "anakohoa", aliziba mdomo kwa kitambaa chake na kunishika mkono. Nilipofika kwenye Kimasaba, alinizuia.

"Hiyo si yangu," alisema. "Hiyo ya Mugide. Wewe utamsomea mwenyewe."

Jumamosi nikapanda Wanale. Sitawadanganya, niliogopa. Mwanamke wa Kinubi, na Kiswahili mkononi, kwenye uwanja wa watu waliozika ndugu zao kwa sababu ya watu waliokisema. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani kwa Mugide, mwanamume mrefu asiyefanana na kaka yake. Mwenyekiti alikuwa amewahi kufundisha shule ya msingi. Aliishika ile nakala, akaigeuzageuza, akauliza kwa nini tusikilize lugha ya wale waliotupiga. Nilimwambia hata mimi askari hao walinipiga kwa lugha hii ya kazi yangu, na kwamba sikuja kuwasemea, nimekuja kusoma tu. Alifikiri kidogo, akanirudishia karatasi.

Nikasoma: "Nandudu. Ni mimi. Mimi niko. Anakohoa. Ile dawa ya majani imeisha. Wewe unasema sema kitu, sasa nasema. Ile kahawa ya kutoka jiwe lilipasuka mpaka kwa maji, ile ni yako. Yako na wasichana. Kama narudi ni yetu. Kama sirudi ni yako. Mugide ako na ile ya juu, inamtosha. Anakohoa. Hapana lisha paka sana. Wewe unalisha paka kama mtu."

Kwenye paka mwanamke mmoja nyuma alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Mugide peke yake ndiye aliyesema kwamba Kiswahili cha namna hiyo kila askari anacho, na kukohoa kila mtu anakohoa. Alisema kweli. Mwenyekiti akaniuliza kama kuna zaidi. Nilimjibu kuna zaidi, na ni ya Mugide.

Wanangu, nimeandika maelfu ya barua, lakini jambo la siku ile sijalizoea na sitalizoea. Kimasaba changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Nilikuwa nimeshika alama nilizozichora miaka ile barazani Jinja bila kuzielewa, na bado sikuzielewa. Nilizitamka moja moja, kama Gidudu alivyonilazimisha. Na nyuso zikaanza kubadilika mbele yangu. Maana haikupita kwangu hata kidogo. Ilitoka kwa mtu aliyepotea, ikafika kwa watu wake, mimi nikiwa kama mlango tu. Niliona mtu anageuka kutazama njia, kana kwamba Gidudu amefika.

Maana yake alinieleza Nandudu baadaye, lakini nawapa sasa ili mwelewe. Gidudu alimwita mdogo wake kwa jina la matusi la tangu walipokuwa wakichunga mifugo, jina ambalo hata mama yao hakulijua. Kisha alisema: najua utadai nilikupa kwa mdomo, kama ulivyodai bibi alikupa yule jogoo kwa mdomo. Nilipigwa mimi kwa ajili ya jogoo yule, na sikusema kwamba ni wewe uliyemchukua. Safari hii nasema.

Hakuna aliyejua habari ya jogoo. Mwenyekiti aliwatazama wazee, nao wakatikisa vichwa, hawajui. Waliojua walikuwa wawili, mmoja hayupo. Mugide angesema tu kwamba hajui mambo hayo, na kahawa ingekuwa yake siku ileile. Watu wote walimgeukia. Nandudu hakumtazama, alikuwa amewashika binti zake na kuinamisha kichwa. Mugide aliweka mikono juu ya magoti.

"Soma tena," aliniambia. "Pale ananitukana."

Nikasoma tena. Akaniomba mara ya tatu, na safari hiyo alilitamka lile jina pamoja nami, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Mwenyekiti alingoja mpaka nilipokunja karatasi, kisha akauliza taratibu, sasa kuhusu ile kahawa ya upande wa mto, kikao kiseme nini.

"Kikao kiseme nini tena," Mugide alisema. "Si amesema mwenyewe."